Miti Isiyopita Bega la Ng'ombe

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye vilima vya Tarime, mtoto alijua kukata majani ya ng'ombe kabla hajajua kuandika jina lake. Ukirudi shule unavua sare, unakula kiporo cha ugali wa mtama na muhogo kilichofunikwa kwa ungo, unachukua panga, unaondoka. Hakuna aliyekuuliza kama umechoka. Siku hizi ukimtuma mtoto dukani akanunue chumvi, anauliza kwa nini asitumwe mwenzake, na akirudi anajilaza kama aliyetoka kuvuna. Wanangu mimi mwenyewe wako hivyo. Nawapenda sana, lakini ningewakabidhi Pasaka wamtunze wiki moja tu, wangezunguka wakitafuta mahali pa kumchomekea chaja.

Pasaka alikuwa ng'ombe wetu. Aliletwa na mjomba, kaka yake mama, Jumatatu ya Pasaka, miezi michache baada ya msiba wa baba. Alikuwa ng'ombe wa kienyeji, mfupi, mwekundu, nundu imelala upande mmoja, na macho ya mtu aliyechoshwa na maneno. Mjomba alimfunga nje ya nyumba akamwambia mama, "Huyu si wa ukoo wa mtu. Ni wako." Mama alilia. Mimi nilidhani analia kwa sababu ng'ombe mwenyewe ni mdogo.

Baba simkumbuki vizuri. Nakumbuka koti lake na kikohozi chake, basi. Alipofariki mama alibaki na watoto wawili, kaka yangu Marwa na mimi. Kwa desturi yetu Wakurya wa wakati ule, mjane hurithiwa na ndugu wa mumewe, na kaka yake baba, tuliyemwita Baba Mkubwa, alikuja akakaa sebuleni akaeleza hivyo kwa upole kabisa. Mama akakataa. Alisema ameolewa mara moja na inamtosha. Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima, na wanawake wengine waliacha hata kumsalimia kisimani kwa kuogopa waume zao.

Baba Mkubwa hakuwa mtu mbaya. Ningependa niseme alikuwa mbaya, ingenirahisishia kusimulia, lakini sivyo. Angeweza kumrudisha mama kwao akabaki na sisi watoto, kwa maana ng'ombe wa mahari walishalipwa na watoto ni wa ukoo. Badala yake alimwonyesha kilima kilichokuwa nyuma ya boma, akamwambia, "Kaa huko na watoto wako. Lakini ujue ardhi ni ya ukoo. Wewe umeazimwa tu." Hicho kilima ndicho kilichotufanya tuendelee kuwa na mama. Siku ambayo angeondolewa pale, angerudi kwao peke yake, na sisi tungehamia kwa Baba Mkubwa. Tulilijua hilo mimi na Marwa kama tulivyojua majina yetu.

Sasa, kilima chenyewe! Wenzangu mliokulia sehemu zenye udongo mzuri hamwezi kuelewa. Udongo ulikuwa mwekundu, umechoka, mvua ikinyesha unateleza na jua likiwaka unapasuka. Ukipanda mahindi yanatoka na rangi ya mgonjwa wa manjano, yanatoa mbelewele yakiwa magotini. Maharage ndiyo usiseme. Kilichostawi pale ni magugu yale yenye majani kama manyoya ya kuku, na magugu hayo hupenda ardhi iliyokataliwa na kila kitu. Baba Mkubwa hakutupa kilima kizuri, na hakuna mtu angempa mjane aliyekataa kurithiwa kilima kizuri.

Kulikuwa na bwana shamba aliyehamishiwa kwetu, kijana mwembamba mwenye baiskeli iliyolia njia nzima. Alikuja akachimba udongo kidogo hapa na pale, akautia mfukoni, akaondoka nao. Baada ya siku nyingi akarudi akasema, "Mama Marwa, udongo wako una tindikali."

Mimi na Marwa tulitazamana kwa hofu kubwa, kwa maana tindikali tuliyoijua sisi ni ile ya betri ya lori, iliyowahi kutoboa suruali ya fundi pale sokoni mpaka akakimbilia nyuma ya duka. Tangu siku hiyo tulipita kilimani kwa kunyata, na jioni tulisugua miguu kwa jiwe mpaka inauma. Mama alipogundua alicheka hadi akakaa chini. "Ingekuwa inaunguza," akasema, "si mngekuwa hamna miguu tangu mwaka juzi?"

Bwana shamba alimshauri aache kuhangaika na mahindi pale juu, apande miti ya malisho, amlishe Pasaka, maziwa yapatikane na samadi irudi kulisha udongo. Mbegu za kwanza alizoleta zilikuwa za lusina. Zikaota vizuri, tukafurahi, na kabla ya kufika kiunoni zikasimama hapo hapo zikiwa na majani ya njano. Lusina haipendi udongo wa namna ile, na yeye alikuwa hajajua ubaya wa kilima chetu ulikuwa umefika wapi. Hakuona aibu. Alivua kofia akasema, "Tumekosa wote, mama. Tujaribu mwingine." Ndipo akaleta kaliandra.

Kaliandra tuliibembeleza. Mbegu zililowekwa kwenye maji usiku kucha, asubuhi zikapandwa kwenye viriba vilivyopangwa chini ya kivuli cha migomba. Bwana shamba akasema tutafute udongo wa chini ya kaliandra iliyokwisha kukua, tuuchanganye na wa kwetu, kwa kuwa ndani yake mna vijidudu visivyoonekana ambavyo mti ule huishi navyo, bila hivyo hudumaa. Miti mikubwa ya aina hiyo ilikuwepo misheni tu. Basi tukabeba udongo kutoka misheni kwenye ndoo, kichwani, mama mbele sisi nyuma, tukipita katikati ya kijiji mchana. Jirani yetu mmoja, bibi mwenye ulimi, alisimama mlangoni akapiga makofi. "Jamani, njooni muone! Mwanamke anabeba udongo anaupelekea udongo!" Mama akapita moja kwa moja. Shingo ilikuwa imekaza kwa uzito, na mdomoni alikuwa anaomba Mungu.

Tulipanda mistari kufuata matuta ya makinga maji, kila shimo kiganja cha majivu ya jikoni na samadi ya Pasaka. Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Kaliandra ikashika. Mistari ikapanda kilima kijani kibichi, na sisi watoto tukaanza kucheza kombolela humo, maana mtoto akijikunja nyuma ya mstari hapatikani. Majani yake madogo madogo hujikunja jioni kama yanayolala, na Marwa aliniambia yanaogopa giza, nikaamini mpaka darasa la tano.

Miti ilipofika kifuani mwa mama, Baba Mkubwa alipanda kilimani asubuhi moja akiwa na fimbo yake.

"Mke wa mdogo wangu," akaita, "hapa umepanda nini?"

"Majani ya ng'ombe, shemeji."

"Mimi naona miti."

Lazima niwakumbushe vijana wa leo, maana wao wanapanda mparachichi popote na hakuna anayewatazama. Kwetu zamani mahindi na mtama vilikuwa vya msimu, mwanamke alipanda atakavyo, akavuna, yakaisha. Mti ulikuwa jambo lingine kabisa. Anayepanda mti amesema, hapa ni pangu, na kesho pangu, na watoto wangu watakuta kivuli. Mwanamke hakupanda mti kwenye ardhi ya ukoo. Mjane aliyekataa kurithiwa ndiyo kabisa. Mama alilijua hilo. Mpaka leo sijui kama alijidanganya kwamba hawataona, au alikuwa amechoka tu kutuona tukila ugali kwa chumvi.

Likaitishwa ritongo, kikao cha wazee wa kijiji, pale pale kilimani. Wazee wakakaa kwenye vigoda vyao, mama akaketi chini, mimi na Marwa tukajibanza kando ya Pasaka aliyekuwa amefungwa akicheua. Walibishana sana. Wengine walisema miti ing'olewe na mama aende kwao. Wengine walisema ng'ombe anakula, maziwa wanakunywa watoto wa ukoo, ubaya uko wapi? Mwisho mzee mmoja kipofu wa jicho moja akauliza swali ambalo sitalisahau. "Majani ni majani mpaka yafike wapi?"

Kisha wakaamua kwamba kilicho chini ya bega la ng'ombe ni majani, na kilichopita bega ni mti. Mama, kwa unyenyekevu wote, akauliza kama haiwezekani kupima kwenye nundu. Wazee wakacheka. Wakasema nundu ya Pasaka imelala, itapimwaje? Ikabaki bega.

Halafu wakamwapisha. Alivua kandambili, akasimama kwenye udongo ule mwekundu, akashika bonge lake mkononi, akarudia maneno aliyotajiwa na yule mzee. Kwamba hajapanda mti. Kwamba amepanda majani. Kwamba hadai kilima. Na kwamba siku atakayosema vinginevyo, ubaya wake usimpate yeye, uwapate wanawe. Alipofika hapo sauti ilikatika, mzee akamwambia arudie, akarudia. Nilikuwa mdogo lakini niliona alivyotutazama. Nilitaka kukimbia nimshike, Marwa akanishika mkono.

Hivyo ndivyo tulivyokua, tukikata. Ninyi mnakumbuka utoto wenu kwa rede na mdako na kusukuma ringi ya baiskeli. Sisi pia tulicheza, lakini jua likianza kuinama Marwa alimleta Pasaka, tunampitisha mstari kwa mstari, na kila tawi lililothubutu kupita bega lake linaanguka. Mama alitufundisha kukata kwa panga kali, mkato wa kulala ili maji yasituame, urefu wa kiuno, na kuacha kijitawi chenye majani kila shina ili mti upumue. Tulimkatia Pasaka majani yakiwa mabichi, kwa sababu yakinyauka anayasusa, na tuliyachanganya na matete, maana kaliandra tupu ilimvuruga tumbo. Majira ya mvua kubwa miti ilikuwa na kiherehere, unakata leo kesho kutwa imechomoza. Tuliichukia mvua, sisi watoto wa wakulima! Wenzetu shuleni waliimba mvua inyeshe na sisi tulifunga midomo.

Lakini maziwa, wenzangu. Maziwa ya Pasaka yaligandishwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa, yanatoka na harufu ya moshi na vijichembe vyeusi, unamimina juu ya ugali, unakula kwa vidole vyote. Leo watoto wanakunywa maziwa ya pakiti yasiyo na harufu ya kitu chochote, na ukiwapa ya kibuyu wanauliza yameungua? Tulinenepa. Nyuma ya mistari ya kaliandra udongo ulitulia, ukashika unyevu, na mama akaanza kupata viazi vitamu na mgagani pale pale ambapo zamani yalikaa magugu tu. Bibi mwenye ulimi akaja kuomba mbegu. Mama akamwambia hana, na ilikuwa kweli. Miti inayokatwa kila mara haifikii kutoa maua, na bila maua hakuna mbegu.

Maua yake ni mekundu, yenye nyuzi nyuzi, na nyuki huyapenda. Tuliyaona misheni tu. Jumapili baada ya ibada mama alikuwa anachelewa kutoka kwenye ua wa misheni, anasimama pale chini ya miti mikubwa akitazama juu. Sisi tulimvuta gauni kwa njaa. Nilidhani anasali.

Na tulicheka pia, msidhani ilikuwa kilio tu. Kila mwaka wazee walipanda kukagua. Mwaka mmoja mistari ya juu ilikuwa imetuzidi, na Marwa kwa akili zake akamsimamisha Pasaka juu ya tuta la kinga maji, mabega yakapanda karibu na ya mzee mwenyewe. Yule mzee wa jicho moja akazunguka, akainama, akatazama kwato. "Mura, kijana wangu," akasema, "ng'ombe wako amesimama juu ya nini?" Marwa akajibu kwa heshima zote, "Shikamoo babu, amekua." Mzee alicheka mpaka fimbo ikamtoka. Aliondoka bila kupima. Na Pasaka alipozaa ndama jike aliyeonekana atakuwa mrefu kuliko mama yake, mama alishangilia kama aliyeongezewa shamba.

Ndama huyo hakukua. Kulikuja kiangazi kibaya, majani yalikauka mpaka mtoni. Baba Mkubwa, ambaye alikuwa amegombana na wanawe kuhusu mambo mengine, alipita chini ya kilima, akaona vijiti vichache vimezidi, akapaza sauti mbele ya watu kwamba shemeji yake ameanza kuvunja kiapo. Hakurudia. Pengine alisahau hata kabla hajafika nyumbani. Lakini mama alilala na neno lile, na asubuhi alichukua panga akakata kilima chote mpaka chini, shina kwa shina, juu kidogo tu ya udongo. Marwa alimfuata akimsihi, "Mama, bwana shamba alisema kiangazi tusikate hivi. Mama, itakufa." Alikuwa kama hasikii. Alikata huku akisema tu, "Wanangu, wanangu."

Mashina mengi hayakuchipua tena. Kwenye ardhi nzuri yangevumilia, lakini kwenye kilima kile hayakuwa na akiba. Pasaka alikauka maziwa. Ndama akadhoofu, tukamlisha maganda ya ndizi na uji wa kuazima, akafa akiwa ameegemea ukuta wa jikoni. Mama hakulia mbele yetu. Alimzika mwenyewe, akakataa wasaidizi, na mvua zilipoanza akatuamsha tukachukua ndoo. Safari hii hatukwenda misheni. Tulichota udongo chini ya mashina yaliyobaki hai, tukaanza viriba upya. Bwana shamba alikuwa ameshahamishwa, lakini siku ya kuondoka alituachia mbegu kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na hizo ndizo zilizoziba mapengo.

Pasaka akazaa tena, na sisi tukakua. Marwa akaingia kwenye mashimo ya dhahabu kama vijana wengi wa kwetu, anashuka chini kwa kamba na tochi kichwani, na mama hakupata usingizi mzuri tangu hapo. Mimi niliolewa Natta, wilaya ya Serengeti, na mume wangu anafanya kazi kwenye kambi ya watalii. Huku ni tambarare, tembo wakitaka mahindi yako hawabishi hodi. Mama alibaki kilimani na mjukuu wa mjukuu wa Pasaka. Wazee waliomwapisha walikufa mmoja mmoja. Baba Mkubwa naye akafa, mama akamlilia kwa dhati kabisa. Hakuna aliyepanda tena kupima chochote. Na bado, kila nilipokwenda kumsalimia, niliikuta mistari imekatwa sawa sawa, chini ya bega.

Nilimwambia, "Mama, waliokuapisha hawapo. Iache ikue."

"Udongo upo," akasema, akaendelea kukata.

Mpaka magoti yalipokataa. Ng'ombe tukamhamishia kwa jirani, Marwa yuko mashimoni, mimi niko Natta na watoto. Kaliandra, baada ya maisha yote ya kukatwa, ikapanda. Ilipita bega, ikapita kichwa, ikapita paa la nyumba, na mwaka uliofuata ikatoa maua. Kilima kizima kilikuwa chekundu, na nyuki unawasikia tangu barabarani. Mama alikuwa anawekewa kiti nje, anaangalia. Aliniambia anaona raha na anaona hofu, na hajui ipi kubwa.

Ndipo kijiji kikaanza kupimiwa mashamba ili watu wapewe hatimiliki za kimila. Mtoto wa Baba Mkubwa, Chacha, akasema kilima ni cha ukoo, mama aliazimwa. Marwa akapanda kutoka mashimoni akasema mama amekaa pale umri wake wote. Tukaitwa mbele ya kamati ya ardhi. Nilifika na basi la asubuhi, nina matumaini yangu yote, kwa sababu dunia imebadilika. Wanawake walikuwepo kwenye kamati. Mtendaji wa kijiji mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti nzuri, na nilimwona wazi anataka kumsaidia mama.

"Mama," akamwambia, "sheria ya sasa haibagui. Tunachotaka ni kuona nani ameweka kitu cha kudumu pale. Sisi tumepanda kilima, tumeona miti mikubwa. Tuambie tu, ile miti alipanda nani?"

Lilikuwa swali rahisi kuliko yote. Kijiji kizima kilijua jibu. Hata Chacha aliinamisha kichwa, kwa sababu alijua likitamkwa, limekwisha.

Marwa akapiga magoti mbele ya mama, mtu mzima na ndevu zake, akamshika mikono. "Mama, sema tu ni miti yako. Sema neno moja." Mama akamtazama. Alimtazama vumbi la mashimo kwenye nywele, akamtazama kovu la jiwe kwenye paji la uso. Akanitazama na mimi. Nilijua anachohesabu, na nilitamani nimzibe masikio asiisikie ile sauti ya mzee wa jicho moja.

"Nilipanda majani ya ng'ombe," akasema.

Mtendaji akauliza tena, taratibu, kana kwamba mama hakusikia. Mama akajibu hivyo hivyo. Marwa akatoka nje, tukamsikia analia nyuma ya ofisi. Chacha akasema, "Mama mdogo, mimi sikuonei. Umesema mwenyewe." Na ilikuwa kweli, alisema mwenyewe. Mtendaji alifunga makaratasi yake bila kutuangalia.

Chacha alimwambia akae nyumbani pale mpaka mwisho wa maisha yake, lakini mama hakutaka kuazimwa mara ya pili. Nilimchukua Natta. Kaliandra ilikatwa ikatumika kuchomea matofali, na kilimani ikapandwa mikaratusi. Mama hakuwahi kuuliza habari za kilima, na mimi sikumwambia. Alikuwa anakaa upande wa jua, anawaambia wajukuu mambo ya zamani, anaruka hilo. Nilimkasirikia, nikiri. Nilimkasirikia kwa kutupenda kwa namna ile ngumu, isiyoturuhusu hata kukataa.

Alifariki masika yaliyopita, usingizini. Tulimpeleka Tarime akazikwe kando ya baba, kama inavyostahili. Nilikwenda nimejiandaa kwa ugomvi, lakini haukuwepo. Watoto wa Chacha ndio walioamka mapema wakachimba kaburi, wakachimba vizuri, kina kirefu. Hakuna kikao kilichoitishwa. Hakuna aliyeuliza kama ni mahali pake.

Binti yangu mkubwa ana kiwanja chake Mugumu, jina lake liko kwenye hati, na amepanda miparachichi na miembe mpaka kwenye mpaka wa jirani. Anajisahau hata kuimwagilia. Juzi nilipomtembelea, tukiwa tunaosha vyombo, aliniuliza kwa nini bibi hakusema tu kwamba ni miti yake. Nikamweleza habari ya kiapo, nikamweleza wazee, udongo mkononi, na sisi wawili tukiwa tumejibanza kando. Alisikiliza yote, halafu akasema, "Lakini mama, hayo si maneno tu?"

Nilifurahi kwamba haelewi. Kisha nikaingia ndani nikalia, kwa sababu haelewi.